Kilichowakalisha Wazee Wetu Visiwani

Mgeni akishuka gati la Nansio kwa mara ya kwanza, husifia uzuri wa mahali. Anaona maji pande zote, miamba iliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyeipanga, na michungwa nyuma ya nyumba. Anapiga picha. Akivuka kwenda Ukara hupelekwa kwenye jiwe linalocheza, napo anapiga picha. Baada ya siku tatu au nne anapanda meli kurudi Mwanza, na akifika alikotoka huwaambia wenzake kwamba angetamani kuishi huko.

Hatumlaumu. Wengi wetu tulio Mwanza, Dar es Salaam, Arusha na kwingineko tumekuwa kama yeye. Tunakwenda Desemba, tunakula sato na machungwa ya shambani kwa mama, na Januari tumesharudi kazini. Lakini kijitabu hiki hutolewa kwa ajili ya kuchangisha, na mtu anayeombwa mchango ana haki ya kujua anachangia nini. Ndiyo maana mwaka huu kurasa za historia tumezitoa kwa habari ya kuishi visiwani: wazee wetu walikaaje pale, na maji yale mazuri yaliwagharimu nini.

Tuanze na yanayojulikana. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko visiwa vyote vya maziwa barani Afrika, chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 530. Ukijumlisha Ukara, Irugwa na visiwa vingine vidogo vya wilaya, sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 345,000. Wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wakifika bara katika karne ya kumi na tisa waliliita ziwa lote kwa jina la kisiwa chetu. Speke alipoliona ziwa akiwa upande wa Mwanza, Agosti 1858, alikwisha kusikia habari za ziwa Ukerewe, lakini akalipa jina la malkia wake. Hatudai jina lirudishwe, ingawa tunao wazee ambao wangefurahi.

Watu walifika visiwani kutoka pande mbalimbali, na lugha zetu bado zinashuhudia. Kikerewe kinasikilizana na Kihaya, na simulizi za ukoo wa watawala, Wasilanga, husema walitoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Kikara kiko karibu zaidi na Kijita na Kikwaya, lugha za mwambao wa Musoma. Kilichowavuta wote kilikuwa ni mvua kabla ya kitu kingine chochote. Visiwa hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Usukuma, na mkulima wa zamani alipima uzuri wa nchi kwa ghala lake. Samaki walikuwa karibu, na adui alipaswa kuvuka maji kabla hajakufikia.

Ukara inastahili tuizungumze kwa kirefu, kwa sababu ndipo uzuri wa nchi unapoonekana kwa urahisi na kazi iliyouleta haionekani. Kisiwa kile ni kidogo, kama kilomita za mraba 80 hivi, tena sehemu kubwa ni mawe. Watu walishakuwa wengi mno kwa ardhi iliyokuwepo, na hapakuwa na mahali pa kuhamishia shamba lililochoka. Kule bara mkulima aliweza kuliacha shamba lipumzike miaka kadhaa akafyeka jingine. Mkara hakuwa na nafasi hiyo. Ilimbidi alishe udongo uleule kila mwaka, kama mtu anavyolisha mfugo.

Alifanyaje? Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, katika sehemu iliyochimbwa chini kama shimo. Majani yao yalikatwa na kubebwa kichwani, mengine yakatandikwa chini yao, na samadi ikajaa shimoni hadi ng'ombe wakawa wanasimama juu kuliko walivyosimama miezi michache nyuma. Kisha samadi ile ilitolewa kwa mikono na kupelekwa shambani, mzigo baada ya mzigo. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, wakauacha ukue, wakaufukia ardhini uwe mbolea. Kwenye miteremko walijenga kuta za mawe ili mvua isibebe udongo kuupeleka ziwani. Ufukweni, mahali ambapo mtu mwingine angeona tope tupu, walichimba vishamba vilivyofikiwa na maji ya ziwa na kupanda majani ya ng'ombe. Hata miti ilikuwa na wenyewe, mmoja mmoja, na mwenye mti hakuwa lazima awe mwenye shamba. Katika miaka ya 1930 mabwana shamba wa serikali ya kikoloni walikuja kutazama, wakaandika kwa mshangao. Walikuwa wametumwa kufundisha wakulima habari za mbolea na matuta, wakakuta kisiwa kizima kinaifanya kazi hiyo bila kufundishwa na mtu.

Kwa hiyo yale mandhari ya ngazi za kijani zinazoshuka hadi majini ni kazi ya mikono. Kila ukuta uliomo kwenye picha una mtu aliyeujenga, na mjukuu aliyeurudishia mawe ulipobomoka. Nasi tuseme ukweli wote: maisha hayo yalikuwa magumu, na si kila mtu aliyavumilia. Mashamba yaligawanywa kwa watoto hadi yakawa vipande, na Wakara wengi walivuka kwenda kutafuta ardhi bara, wengine upande wa Geita. Waliobaki walijua wanachobakia nacho.

Sasa maji. Mtu wa bara huona ziwa kama ukingo wa nchi. Kwa mtu wa kisiwani ziwa ni barabara, na kama barabara zote lina wenyewe na lina ajali zake. Katika karne ya kumi na tisa nguvu ya Omukama wa Ukerewe ilikuwa katika mitumbwi kama ilivyokuwa katika mvua na pembe za ndovu. Stanley alipotaka kuwavusha watu wake kwenda Uganda mwaka 1875, ilimlazimu aje kumbembeleza Omukama Lukonge ampe mitumbwi na wapiga kasia. Miaka miwili baadaye chombo kilikuwa tena katikati ya mambo. Mfanyabiashara aliyeitwa Songoro alikuwa akijenga jahazi kisiwani. Wamisionari wa Kiingereza wakalinunua, na ukazuka ugomvi kati yake na Lukonge. Desemba 1877 ugomvi huo ulimalizika kwa vita iliyomuua Songoro pamoja na wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill. Vitabu vingi vya kigeni husimulia kisa hicho kama habari ya ukatili wa mfalme. Sisi tunakiona pia kama kesi ya nani ana haki juu ya chombo kilichojengwa katika nchi ya watu, kesi ambayo haikupata hakimu.

Mwaka 1895 Wajerumani walimwondoa Lukonge. Yaliyofuata yanajulikana: misheni ya Kagunguli, kodi, pamba, kinu cha kuchambulia pamba cha Murutunguru, vyama vya ushirika, shule. Tunayapita upesi kwa sababu wilaya nyingi za Kanda ya Ziwa zina historia inayofanana na hiyo.

Hatuwezi kumpita Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma Kagunguli na baadaye seminari ya Rubya, kisha akarudi kuishi kisiwani. Kufikia mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika, kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Alitaka lugha na desturi za Wakerewe zisipotee. Hakupata wa kuichapisha. Mwishowe aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

Asiyekisoma kitabu hicho hudhani ni orodha ya mila. Ni kweli mna kilimo, uvuvi, pombe ya ndizi, dawa, misiba na namna ya kuwasalimia wakwe. Lakini kinachosukuma kisa chote ni kwamba mume na mke wanaopendana hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamtukana mke, wazazi wake wanakuja kumchukua, na Myombekere anahangaika kutengeneza pombe ya kuwapoza wakwe ili arudishiwe mkewe. Kisha wanamwendea mganga, wanasubiri, na kurasa nyingi zinapita kabla mtoto hajazaliwa. Yaani mtu aliyetaka kuihifadhi Ukerewe yote katika kitabu kimoja aliijenga juu ya kusubiri uzazi. Kitereza na mkewe, Anna Katura, hawakubakiwa na mtoto. Tunaona alijua vizuri kisiwa kinaishi kwa nini.

Tangu wakati wake ziwa limebadilika. Sangara, aliyepandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, alifika kwetu akawala furu, akaleta viwanda vya minofu Mwanza na fedha mialoni. Kambi za uvuvi zilijaa vijana hata kwenye visiwa ambavyo zamani havikuwa na kaya nyingi. Usiku ukisimama Nansio utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetanda kama mji mwingine juu ya maji. Hilo nalo wageni hulipenda. Wachache huuliza mke wa mvuvi wa kisiwa cha mbali anajifungulia wapi.

Hapo ndipo tunalazimika kuitaja tarehe 20 Septemba 2018. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora. Kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Bwisya, Ukara, kikiwa kimejaza watu na mizigo kupita uwezo wake, kikapinduka kikiwa kimebakiza maji kidogo tu kufika gatini. Walikufa watu zaidi ya 220. Wengi walikuwa wametoka kununua unga, sukari na sare za watoto. Baadhi yetu tulizika ndugu pale Bwisya katika makaburi ya pamoja, na hatuna haja ya kueleza zaidi. Sehemu ya fedha za rambirambi zilizochangwa nchi nzima ilitumika kujenga na kupanua Kituo cha Afya cha Bwisya. Kituo kile ni jambo la maana kuliko mnara wowote, kwa kuwa kila mgonjwa anayetibiwa pale ni mtu ambaye hakulazimika kuvuka siku hiyo.

Ndiyo historia ya visiwa vyetu kwa namna tunavyoisoma sisi. Waliokaa hawakukaa kwa kupendezwa na mandhari peke yake, wala hawakukaa kwa kukosa pa kwenda, maana bara ilikuwa inaonekana kwa macho. Kila kizazi kilitengeneza kitu kimoja au viwili vilivyofanya makao yawezekane: ukuta wa mawe, shimo la samadi, mtumbwi imara, shule, kituo cha afya. Kizazi chetu kimehamia mjini kwa wingi, kikabaki na mapenzi. Mapenzi hayo tunayaona kila mwaka kwenye mkutano mkuu, wimbo wa nyumbani ukipigwa.

Katika visiwa vya nje mjamzito huambiwa na muuguzi asogee karibu na kituo wiki za mwisho. Ushauri ni mzuri, ila asogee akae kwa nani? Mwenye shangazi au wifi karibu na kituo husogea. Asiye naye hubaki kwake, na uchungu ukianza usiku hutafutwa boti ya injini, hutafutwa mafuta, na hutazamwa kama ziwa limechafuka. Wajomba na mabinamu zetu wenye boti hawajawahi kukataa, na baadhi yao wamekataa hata kulipwa. Lakini hawawezi kuamuru upepo.

Mradi wa mwaka huu ni nyumba ya kusubiria wajawazito, katika kisiwa ambacho picha yake iko kwenye jalada. Itakuwa na vyumba vinne, jiko la nje la kupikia pamoja na ndugu wanaowasindikiza, vyoo, na tangi la kuvunia maji ya mvua. Mkutano wa kijiji umetoa kiwanja hatua chache kutoka zahanati, na wananchi wamekwisha kusomba mawe ya msingi, kazi ambayo huko hakuna wa kuwafundisha. Kinachopungua ni saruji, mabati, mbao, magodoro na ujira wa fundi.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Wanaopenda kutoa vifaa badala ya fedha tunawaomba wamwone mweka hazina mapema, kwa sababu saruji itavushwa kwa boti, nasi tungependa iwe imefika na kufunikwa kabla masika hayajaanza.