Mwaloni wa Austin ulionyweshwa sumu

Mwaka 1989 wakazi wa Austin, mji mkuu wa jimbo la Texas nchini Marekani, waliona mwaloni wao mkongwe unanyauka. Udongo ulipopimwa maabara ukakutwa na Velpar, dawa kali ya kuulia magugu na vichaka. Kiasi kilichomwagwa shinani kingetosha kuua miti 100.

Mti huo, Treaty Oak, unakadiriwa kuwa na miaka 500 hivi. Ni wa mwisho kati ya mialoni 14 iliyoheshimiwa na Wakomanche na Watonkawa, wenyeji wa nchi ile kabla ya walowezi. Mingine ilitoweka mji ulipopanuka. Simulizi zinasema Stephen F. Austin, kiongozi wa walowezi, alifunga mkataba na wenyeji chini ya kivuli cha mti huo. Hati ya kuthibitisha haipo, ila jina limetokana na simulizi hiyo. Mwaka 1937 jiji lilikinunua kiwanja cha mti huo kwa dola 1,000, na huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Habari za sumu ziliposambaa, watu walimiminika. Walileta kadi za kuutakia nafuu, wengine supu ya kuku, kama wanavyompelekea ndugu mwenye homa. Ross Perot, bilionea wa Texas, alitoa hundi isiyoandikwa kiasi: mti utibiwe kwa gharama yoyote. Kampuni ya DuPont, watengenezaji wa Velpar, waliahidi dola 10,000 kwa atakayesaidia kumpata mhalifu.

Matibabu yalikuwa kazi ngumu. Velpar huuzuia mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Majani yalipopukutika mti ulichipua mengine, nayo yakafa, ukachipua tena, na kila safari ulikuwa ukila akiba yake. Ndiyo maana wataalamu waliuchoma sindano za sukari. Walifukua udongo wenye sumu wakajaza mwingine, wakaweka vizuizi vya jua kali, wakaunyunyizia maji ya chemchemi.

Hatimaye mtu mmoja alishtakiwa kwa uhalifu huo. Alikuwa amejigamba kwamba alimwaga sumu ile kama kafara ya mambo ya mapenzi. Mwaka 1990 alihukumiwa kifungo cha miaka 9, ingawa kwa rekodi yake ya nyuma angeweza kufungwa maisha. Kwangu mimi adhabu ile ilistahili. Aliyeharibu kilichokua kwa karne tano hawezi kukilipa, hata angepewa umri wa watu saba.

Karibu theluthi mbili ya mti ilikufa ikakatwa. Wataalamu wengi walishaukatia tamaa, lakini jiji halikuung'oa, wala halikuacha kuutunza. Mwaka 1997 mwaloni ulizaa mbegu kwa mara ya kwanza tangu unyweshwe sumu. Wafanyakazi wa jiji waliziokota, wakaziotesha, na miche yake ikapandwa sehemu mbalimbali za Texas na majimbo mengine.