Tiyo ya maji ikipasuka katika nyumba ya kupanga: nani analipa?

Tiyo imepasuka ndani ya ukuta. Maji yameingia chumbani, matela imelowa, plafo ya jirani wa chini inavuja. Mwenye nyumba anasema: «Utalipa, ao nitakata kwenye garanti yako.» Mpangaji anajibu: «Nyumba si yangu, na tiyo si yangu.» Nani ana haki? Yote inategemea chanzo cha uharibifu.

Sheria ni mbili hasa: dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ingali inatumika katika nchi yetu, na sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga zisizo za biashara.

Mzigo wa mwenye nyumba

Anapaswa kukupa nyumba yenye hali nzuri na kuitunza hivyo muda wote wa kontra. Matengenezo makubwa ni yake: tiyo iliyozeeka na kuoza kwa kutu, tiyo ya ndani ya ukuta, fosi iliyojaa ao kubomoka, kazi mbaya ya fundi aliyemweka yeye mwenyewe. Kitu kikiharibika juu ya uzee, mpangaji hana deni.

Mzigo wa mpangaji

Unapaswa kutumia nyumba kama mtu mwangalifu. Matengenezo madogo ya kila siku ni yako: kubadilisha jwe ya robine, kuzibua lavabo. Pia unajibu kwa makosa ya watu wa nyumbani mwako: watoto, mgeni, ao mtumishi. Mtoto akitupa kitambaa katika choo na maji yakafurika, ni wewe utalipa.

Kuna kisa tunachokijua sote. Maji yanakatika mchana, mtu anafungua robine, anaona hamna kitu, anaiacha wazi na kwenda kulala. Saa nane za usiku maji yanarudi na nyumba inajaa. Hapo tiyo haina kosa. Kosa ni la aliyeacha robine wazi.

Na jirani aliyeharibiwa vitu?

Kifungu cha 258 cha dekreti ya 1888 kinasema wazi: mwenye kusababisha hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa. Katika miji yenye milima kama Bukavu, ambako nyumba moja iko juu ya ingine, jambo hilo si dogo. Jirani atamdai yule mwenye kosa, awe mpangaji ao mwenye nyumba.

Ufanye nini siku ileile

1. Funga vane ya maji, zima umeme kama maji yako karibu na waya. Mpangaji anayeona maji yanatoka na kunyamaza anajiongezea kosa.
2. Mjulishe mwenye nyumba palepale. Ukimpigia simu, mwandikie pia mesaji, ili tarehe na saa zibaki.
3. Piga picha kabla ya kusafisha. Ita jirani mmoja ao nyumbakumi aone kwa macho.
4. Mwambie fundi aandike chanzo na bei kwenye karatasi. Kipande cha tiyo iliyopasuka usikitupe.
5. Kama unalipa wewe kwanza, mpatane kwa maandishi kwamba pesa hiyo itatolewa kwenye kodi. Usijikatie kodi peke yako; mbele ya sheria utaonekana mtu asiyelipa.

Garanti si mfuko wa mwenye nyumba

Kwa nyumba ya kuishi, sheria ya 2015 inasema garanti isipite kodi ya miezi 3. Kazi yake ni kufunika madeni na uharibifu wa mpangaji. Haitengenezi tiyo ya zamani. Ndiyo sababu ni lazima, siku ya kuingia, muandike pamoja hali ya nyumba, ile karatasi inayoitwa état des lieux: kila robine, lavabo, choo, alama za unyevu ukutani. Bila karatasi hiyo, siku ya kutoka ni neno lako na neno lake.

Mkishindwa kupatana

Anzeni kwa shefu wa avenyu ao wa kartie. Kisha nendeni kwenye servisi ya habitat ya komini yenu kwa usuluhishi. Ikishindikana kule, tribinali ya pe (tribunal de paix) ndiyo itakata neno. Kila mahali watauliza kitu kimoja: uhakikisho uko wapi? Chunga picha, mesaji na fakture zako.