Namba iliyovuka sifuri: namna milango ya neva ilijulikana mbele ya kuonekana

Bandugu, wengi wetu tulikariri hii kwa mtihani: seli ya neva ikitulia, ndani yake iko karibu milivolti −70 kuliko inje. Sodiumu inaingia, potasiumu inatoka, ujumbe unaenda. Unaandika vile, unapata pointi zako, unasahau. Lakini hiyo sentensi ilikula karibu miaka 50 ya kazi ya watu.

Mwaka 1902 Mjerumani Julius Bernstein alifikiri kwamba utando wa seli unaacha potasiumu tu ipite. Kwa kuwa potasiumu iko mingi ndani, inavuja kidogo kwenda inje, na ndani panabaki chaji hasi. Neva ikipiga, utando unafungukia ioni zote na tofauti inashuka mpaka sifuri. Fikra nzuri, lakini namna gani ya kuipima? Nyuzi za neva zetu ni nyembamba kuliko unywele.

Ngisi, mnyama wa baharini, njo aliokoa kazi. Mwaka 1936 J. Z. Young alionyesha kwamba uzi mmoja wa neva yake unaweza kufika unene wa milimita nzima. Mwaka 1939, kule Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, kijana wa miaka 21 tu, wakaingiza kabomba ka kioo ndani ya ule uzi. Namba haikusimama kwa sifuri. Ilivuka, ikafika karibu +40! Wakatoa barua fupi katika gazeti Nature, bila kueleza sababu, juu vita ilikuwa imeanza. Hodgkin akaenda kutengeneza rada.

Vita ilipoisha, Hodgkin na Bernard Katz, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, wakapunguza sodiumu katika maji ya chumvi yaliyozunguka neva. Kile kilele nacho kikashuka. Waliandika hayo mwaka 1949. Basi utando haupasuki ovyo: mlango wa sodiumu unafunguka mbio kisha unajifunga, na ule wa potasiumu unafunguka polepole kurudisha hali. (Daktari wa meno akikuchoma lidokaini anaziba ile ya sodiumu, jino linatoka bila ubongo kupata habari.)

Kisha ikaja hesabu. Kompyuta ya Cambridge haikuwa inatumika wakati ule, kwa hiyo Huxley alizungusha mashine ya hesabu kwa mkono, wiki 3 hivi. Mwaka 1952 wakatoa matokeo: hesabu ilisema ujumbe unakimbia mita 18,8 kwa sekunde, neva yenyewe ilipopimwa, 21,2. Kwangu mimi hii njo sehemu kubwa ya hadithi yote, kuliko hata Nobel yao ya 1963.

Katika ile hesabu, potasiumu inapita tu kama vitu 4 vimekaa mahali pake pamoja. Vitu gani? Hakuna aliyekuwa ameviona. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann walipima umeme unaopita katika mlango mmoja peke yake, kwenye msuli wa chura. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenzake wakatoa umbo la mlango wa potasiumu wa bakteria: vipande 4 vinavyofanana, vimezunguka tundu moja.