Nani Alimpa Mbunge Mwiko na Saruji?

Kuna maelezo yanayokubalika kote nchini Kenya, kuanzia vibanda vya chai hadi meza za wachambuzi. Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, CDF kwa ufupi, ndiyo iliyomtoa mbunge kwenye sheria ikampeleka kwenye ujenzi. Kabla ya 2003, tunaambiwa, mheshimiwa alitunga sheria na kuibana serikali. Baada ya hapo akawa mtu wa madarasa, zahanati na basari. Maelezo haya yalinitia shaka kwa wepesi wake. Je, sheria moja yaweza kubadili kazi ya mtu ghafla hivyo?

Nilianzia kwenye sheria yenyewe. Haikuletwa na waziri. Ilitokana na mswada wa mbunge binafsi. Iliagiza angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali itengewe maeneobunge: robo tatu igawanywe sawa kwa sawa, robo iliyobaki ifuate kiwango cha umaskini. Mwaka wa kwanza, kila moja ya maeneobunge 210 lilitengewa shilingi milioni 6. Kamati ya kuzisimamia iliundwa na mbunge mwenyewe. Kama ujenzi ni mzigo uliowaangukia wabunge, mbona waliuitisha wao?

Kidokezo kilikuwa kwenye sheria nyingine ya mwaka huohuo. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ilimkataza afisa wa umma kutumia ofisi yake kama mahali pa kuchangisha harambee. Ukiziweka sheria hizi mbili bega kwa bega, unaona zilikuta kazi ikiendelea. Mheshimiwa alikuwa akifika uwanjani na bahasha, anashika kipaza sauti na kutangaza kwamba yeye na marafiki zake wameleta kitu kidogo. Umati unapiga makofi. Hao marafiki walikuwa nani, na walianza kuchanga lini?

Kulijibu hilo nilikwenda kwenye shule moja ya sekondari iliyozaliwa na harambee. Ukutani kuna jiwe la msingi, herufi zake zimefunikwa na rangi ya mafuta iliyopakwa mara nyingi. Nilizisoma kwa ncha ya kidole: jina la mgeni wa heshima, cheo chake, tarehe. Kiasi cha fedha hakimo. Wala hawamo waliosomba mawe na kuuza kuku. Mwalimu mstaafu alishikilia kwamba bahasha ya mheshimiwa ndiyo iliyoezeka paa. Mzee aliyekuwa kwenye kamati alisema ahadi ilitolewa, fedha hazikuonekana. Wote wawili hawakuwa na chembe ya wasiwasi. Jiwe linamtaja aliyealikwa. Aliyelipa tutamtafuta wapi?

Nikageukia Hansard. Hadi katikati ya 1974 mijadala ni ya Kiingereza. Mwezi Julai mwaka huo Kiswahili kinaingia ukumbini. Nilitarajia kukuta humo hesabu za harambee, nikagonga mwamba. Harambee zilifanyika kwenye viwanja vya shule, na Hansard hunakili yaliyosemwa Bungeni. Hata hivyo nilipata nisichokitafuta. Wakati wa maswali, wabunge walimkaba waziri kuhusu barabara, shule na hospitali za kwao. Kazi ya jimbo ilikuwepo, ila silaha yake ilikuwa swali. Ni lini swali lilionekana halitoshi?

Nilirudi nyuma zaidi, hadi Machi 1957, Waafrika walipochaguliwa kwa mara ya kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Walikuwa 8 tu kwa nchi nzima. Hawakushika hazina, wala hawakuwa na wingi wa kura. Walichokuwa nacho ni sauti, na waliitumia kudai viti zaidi na katiba nyingine. Madaraka yakaja Juni 1963, na harambee ikawa wito wa taifa. Serikali haikuwa na fedha za kumjengea kila mtoto shule, basi wananchi wakajenga. Shule za sekondari za harambee zikaja kuzidi za serikali. Lakini kila kijiji kilikuwa na chifu, mchungaji na mfanyabiashara. Kwa nini macho yakamwelekea mbunge?

Jibu lenye uzito zaidi nililipata kwenye historia ya vyama. Tangu 1969 hadi mwisho wa 1991, chama kilichogombea viti ni kimoja, kwanza kwa vitendo, kisha kwa sheria ya 1982. Wagombea walikuwa na chama kimoja na sera moja. Mpiga kura angewapambanua kwa lipi, kama si kwa alichokiona kikijengwa? Na hakuwa mjinga: katika chaguzi za 1969 na 1974 aliwaangusha wabunge wengi. Ila jibu hili nalo lina ufa. Vyama vingi vilirudi, na bahasha haikuondoka. Kama chama kimoja kiliizaa desturi hii, ni nani anayeilea?

Baada ya yote hayo, siwezi kuikubali hadithi niliyoanza nayo. CDF haikumpa mbunge kazi mpya. Ilihamisha gharama ya kazi ya zamani kutoka mfukoni mwake hadi Hazina Kuu. Mwananchi alipata faida ya kweli: mgao ulifuata kanuni, hata kwa eneo lililochagua upinzani. Hasara ikawa kwamba anayepitisha fedha na anayepaswa kuzikagua alisogea karibu mno na anayezitumia. Ibara ya 95 ya Katiba ya 2010 inataja uwakilishi, sheria, ugavi wa mapato na uangalizi, ujenzi haumo. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilitangaza sheria ya CDF ya 2013 kuwa kinyume cha Katiba. Kufikia hapo ilikuwa imekwisha kurithiwa na ya 2015, yenye jina jipya. Je, mahakama yaweza kufuta matarajio ya mpiga kura?

Sidhani. Matarajio hayo yalijengwa kwa miongo, na kwa sababu zilizokuwa na maana wakati wake. Darasa huonekana kutoka barabarani. Mshahara wa mwalimu wa kufundisha humo hupitishwa Bungeni, na kumbukumbu zake ziko wazi kwa yeyote atakaye kusoma. Uchaguzi ujao tutamwuliza mbunge lipi kwanza: amefungua madarasa mangapi, au alisema nini bajeti ya walimu ilipojadiliwa?