Pilipili Kichaa: Mgeni Aliyepandwa na Ndege, Akatunzwa na Wanawake



Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita pwani yetu, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kule Mogadishu alieleza chakula alichokirimiwa: wali uliopikwa kwa samli, na pembeni achari ya ndimu, tangawizi mbichi, maembe, na vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi. Ukisikia hivyo utasema huyu kaalikwa harusi ya kwetu. Lakini pilipili aliyokula Ibn Battuta haikuwa hii nyekundu. Wakati ule hakuna aliyeijua, si pwani yetu, si Arabuni, si Bara Hindi. Ilikuwa bado iko Amerika, ambako wenyeji wa kule walikuwa wakiila kwa maelfu ya miaka.

Pilipili ya zamani ya pwani ni ile nyeusi ya punje, ambayo asili yake ni Bara Hindi, na majahazi ya kaskazi ndiyo yaliyoileta. Hata jina linatoka huko. Wahindi wa kale walisema pippali, Waarabu wakasema filfil, na sisi tukasema pilipili. Mgeni mwekundu alipokuja na kulizoea jina hilo, ile ya kwanza ikabidi itafutiwe jina la kuitofautisha, ikaitwa pilipili manga, yaani ya Arabuni. Mwenyeji kapewa jina la kigeni, na mgeni kachukua jina la nyumba!

Wala si sisi tu tuliochanganya majina. Christopher Columbus alivuka bahari mwaka 1492 akitafuta njia ya kwenda kwenye viungo vya Mashariki. Alipoonja pilipili ya Amerika, Wahispania wakaiita kwa jina linalofanana na la pilipili manga, ingawa mimea hii miwili haina undugu wowote. Mwaka 1498 Vasco da Gama akafika Mombasa na Malindi akielekea Bara Hindi. Baada ya hapo meli za Wareno zikawa zinapita baina ya Brazili, Afrika na Goa, na mazao ya Amerika yakasafiri nazo: muhogo, mahindi, nanasi, korosho na pilipili. Wareno walipoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, lakini walituachia maneno kama meza na leso, na mimea tunayoila kila siku. Wao nao walichukua kwetu. Ile piripiri wanayojivunia Ureno na Msumbiji, jina lake limetoka kwenye Kiswahili na lugha ndugu zake.

Sasa, mtu anaweza kuleta mbegu bandarini, lakini nani aliitoa bandarini mpaka vichakani? Huku kwetu Mkwaja, pilipili kichaa utaiona imejiotea chini ya mwembe, chini ya mkorosho, au kwenye ua wa miti, mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda. Wazee husema ni pilipili ya ndege, na wamesema kweli. Mwaka 2001 wataalamu wawili wa Marekani, Joshua Tewksbury na Gary Nabhan, walionyesha kuwa wanyama kama panya huukimbia ukali wa pilipili, tena wakila tunda hilo mbegu zake huharibika. Ndege hausikii ule ukali. Hula tunda, na mbegu hupita tumboni mwake salama, kisha huzidondosha alipotua. Ndiyo maana pilipili ya mwitu ni ndogo, nyekundu, imesimama ikitazama juu na hukwanyuka kwa urahisi. Imeumbwa imkaribishe shorewanda na imfukuze panya. Subhanallah.

Ndege ndiye aliyeisambaza, na wanawake ndio walioiingiza jikoni na kuitunza. Kutoka uani ilifika mbali. Karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pilipili kavu ndogo kutoka Unguja ilikuwa ikiuzwa Ulaya kwa jina la Zanzibar, kwa chakula na kwa dawa za kuchua. Karafuu ndiyo iliyopata sifa, lakini pilipili ilikuwa inampa mkulima mdogo senti zake.

Hofu yangu ni ya leo. Ua wa miti unang'olewa, unajengwa ukuta wa tofali, na ndege hana pa kutua. Duka la pembejeo linauza mbegu chotara zenye tunda kubwa. Si mbaya kwa biashara, lakini ukitoa mbegu kwenye tunda lake na kuisia, watoto hawafanani na mama, kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Pilipili kichaa ya bibi mbegu yake ni ya kwako. Ikipotea uani kwako, hutaikuta kwenye pakiti ya dukani.

Kwa hiyo bibi harusi, nakuomba uingie nyumbani kwako na mbegu hizi, na uzisie hivi. Chuma zilizoiva nyekundu kabisa, kutoka mti wenye afya ulio mbali na pilipili za aina nyingine, maana nyuki huchanganya chavua. Toa mbegu, zikaushe kivulini, si juani. Kabla ya kusia ziloweke usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu. Zifukie kina kisichozidi sentimita 1 kwenye udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza, weka kivuli chepesi, nyunyiza maji kidogo kidogo, udongo usikauke wala usituame maji. Mbegu hizi zinapenda joto la nyuzi 25 hadi 30, na pwani hilo tunalo.

Halafu subiri. Mbegu ya dukani inaweza kuota ndani ya wiki 2, lakini ya mwitu huota kwa zamu, nyingine baada ya mwezi au zaidi. Wengi humwaga udongo wakidhani mbegu zimekufa. Usimwage. Miche ikiwa na majani 4 hadi 6 ya kweli, ihamishe. Ukisia mwezi wa pili, wakati wa masika utakuwa na miche ya kuhamisha, na mti mmoja ukitunzwa utakuzalia miaka kadhaa.

Ukimaliza kutoa mbegu, paka mikono mafuta ya nazi kwanza, ndipo unawe kwa sabuni. Ukali wa pilipili hutoka kwa mafuta, maji matupu hayausaidii. Usiguse jicho, hasa siku ya wanja!

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, hiyo ni sadaka kwake. Fikiria mti mmoja wa pilipili uani. Mumeo anakula, jirani anaomba achari, na shorewanda anachukua fungu lake anakwenda kupanda kwingine ambako hutafika wewe. Sadaka yako inaendelea kutembea. Basi ukimkuta ndege kwenye mpilipili wako, usimfukuze, muachie chache.