Santuri za Tabora na bei ya pembe

Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilipita Tabora kwenda Bagamoyo mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, na bei yake ikapangwa ng'ambo. Mwendo huo huo nauona katika santuri za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Kwa miaka mingi santuri za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi, hadi Tanzania ilipofunga mpaka na Kenya mwaka 1977. Leo zinasakwa na wakusanyaji wa ng'ambo, kwa bei isiyogusika na mtu wa mshahara mdogo.

Lakini pembe ikiondoka imeondoka, wimbo hunakiliwa. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu kwenye kanda, na hazina hiyo sasa iko TBC. Mwenye kiu ya "Dada Asha" wa Tabora Jazz hahitaji santuri, nakala humtosha. Basi nasema, nakala halali ziuzwe kwa bei ya mwananchi, na wanamuziki au warithi wao wapate chao. Mpagazi alilipwa vitambaa, faida ikaenda kwa wengine. Mpiga gitaa asiwe mpagazi wa pili.