Ustawi wa Manusura wa Saratani Baada ya Matibabu: Nafasi ya Vikundi vya Mazoezi vya Jamii

Programu za ustawi za kijamii kwa manusura wa saratani ni huduma zinazotolewa nje ya hospitali, karibu na makazi ya watu, kwa waliokamilisha upasuaji, tibakemikali au tiba ya mionzi. Shabaha yake ni kurejesha nguvu za mwili, utulivu wa moyo na uwezo wa kujitegemea. Huduma hizo zinahitajika kwa kuwa matibabu yanaweza kuuondoa ugonjwa na bado yakamwacha mtu na uchovu usioisha kwa usingizi, ganzi ya vidole, viungo vilivyokakamaa au hofu ya saratani kurejea.

Kwa miaka mingi, ushauri uliotolewa ulikuwa kupumzika. Mwanamke aliyeondolewa tezi za limfu za kwapani kutokana na saratani ya matiti alikatazwa kunyanyua vitu vizito kwa mkono wa upande huo, ili usivimbe. Kwa mama anayebeba mtoto, kuchota maji au kulima, katazo hilo lilikuwa mzigo mkubwa.

Mwaka 2009, utafiti uliofanyika Marekani kwa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba ulitoa jibu tofauti. Walionyanyua vyuma hatua kwa hatua mara 2 kwa wiki, wakisimamiwa mwanzoni katika vituo vya mazoezi vya jamii na kuvaa soksi maalumu ya kubana mkono, hawakuvimba zaidi ya wenzao. Waliozidiwa na tatizo hilo walikuwa asilimia 14, ikilinganishwa na asilimia 29 ya wasiofanya mazoezi hayo.

Nchini humo, vituo vya YMCA huendesha programu ya wiki 12 iitwayo LIVESTRONG at the YMCA. Washiriki hukutana mara 2 kwa wiki katika vikundi vidogo, chini ya mwalimu aliyefunzwa kuhusu mahitaji ya manusura. Utafiti uliohusisha watu 186 na kuchapishwa mwaka 2017 ulionesha kuwa, mwisho wa wiki hizo, asilimia 71 ya washiriki walifikia dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, dhidi ya asilimia 26 ya waliokuwa wakisubiri zamu yao.

Faida haiishii kwenye nguvu za mwili. Utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2025, uliohusisha wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, ulibaini kuwa baada ya miaka 8 asilimia 90 ya waliofuata mazoezi yaliyosimamiwa kwa miaka 3 walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 83 ya waliopewa vitabu vya elimu ya afya pekee.

Mwongozo wa wataalamu wa mwaka 2019 unapendekeza mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo, kama kutembea kwa kasi, kwa dakika 30 mara 3 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli mara 2. Hayo yanaweza kufanyika uwanjani au katika ua wa zahanati bila mashine.

Manusura anashauriwa kupata kwanza idhini ya daktari wake, kuanza kidogo kidogo, na kuendelea kuhudhuria kliniki kwa tarehe alizopangiwa. Uvimbe mpya, maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au maumivu ya mifupa ni ishara za kusitisha mazoezi na kwenda kituo cha afya bila kuchelewa.